Kusahau kwa Mgonjwa wa Utumbo Nyeti: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mwanamke wa miaka 34, mhasibu kwa taaluma, alifika kliniki akiwa na lalamiko moja tu, na alilitaja kabla hajakaa vizuri kitini: anasahau. Alieleza kwamba hufungua jedwali la hesabu ili arekebishe jambo fulani, na jedwali linapofunguka hakumbuki tena alichokusudia kurekebisha. Safu moja ya tarakimu huijumlisha mara tatu, na kila anapofika katikati hajui tena aliishia wapi. Mwenzake wa kazini akimweleza jambo wakiwa wamesimama, maneno ya mwisho hubaki naye ilhali ya mwanzo yamekwisha kumponyoka. Alikuwa ameanza kuamini kwamba maradhi ya kupoteza kumbukumbu, yale yanayowapata wazee, yamemfika mapema, na hofu hiyo ndiyo iliyomleta. Tumbo hakulitaja kabisa. Lilijitokeza pale alipoulizwa anatumia dawa gani, naye akatoa pakiti tatu mkobani na kuzipanga mezani.

Mgonjwa huyu ameundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina hii, wala si historia ya mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Nimemchagua kwa sababu katika mwili wake yamekutana matatizo matatu ambayo mara nyingi hugawanywa kwa madaktari watatu tofauti: ugonjwa wa utumbo nyeti, ambao wengi huuita kwa herufi zake za Kiingereza IBS, sonona, na kudhoofika kwa umakini na kumbukumbu. Hoja ninayoitetea ni kwamba kusahau kwa mgonjwa wa namna hii kusimezwe na sonona, wala kusimezwe na tumbo. Kuna tabaka zaidi ya moja, kila tabaka lina tiba yake, na tiba ya tabaka moja inaweza kuliharibu jingine.

Historia na vipimo

Matatizo ya tumbo yalianza miaka minne kabla, baada ya ugonjwa mkali wa kuharisha ulioambatana na homa na kudumu zaidi ya wiki moja. Homa iliondoka, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Tangu hapo alipata maumivu ya chini ya kitovu siku tatu au nne za kila wiki, maumivu yaliyopungua baada ya kwenda haja kubwa, na choo chake kikawa laini na cha mara nyingi zaidi. Alipoonyeshwa kipimo cha Bristol, ambacho huligawa umbo la kinyesi katika aina 7, alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye aina ya 6.

Vigezo vya Roma IV, ambavyo madaktari huvitumia kuutambua ugonjwa huu na vilivyochapishwa mwaka 2016, vinadai maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yakiambatana na angalau mambo mawili kati ya matatu: maumivu kuhusiana na kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, na kubadilika kwa umbo la kinyesi, tena dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Mgonjwa huyu alitimiza yote, na aliingia katika kundi la utumbo nyeti wenye kuharisha. Dalili za hatari hazikuwapo: hapakuwa na damu katika choo, uzito haukupungua, maumivu hayakumwamsha usiku, wala hapakuwa na saratani ya utumbo mpana katika familia. Picha kamili ya damu, kipimo cha uvimbe wa ndani, kalprotektini ya kinyesi (inayoonyesha uvimbe wa utumbo), kipimo cha ugonjwa wa siliaki (ambapo mwili haustahimili protini ya ngano), homoni za tezi ya shingo, vitamini B12 na akiba ya madini ya chuma vilikuwa sawa. Vitatu vya mwisho vina umuhimu wa pekee hapa, kwa kuwa upungufu wa mojawapo unaweza peke yake kuleta uchovu, huzuni na akili nzito. Ukali wa dalili za tumbo, kwa kipimo chenye alama 0 hadi 500, ulikuwa 320. Kinachozidi 300 huhesabiwa kuwa kikali.

Hali ya moyo, yaani ya hisia zake, ilichukua muda kujitokeza. Kwa mwaka mzima alikuwa ameacha taratibu mambo aliyoyapenda, naye aliliona jambo hilo kuwa la busara tu, kwa maana kila safari humlazimu kujua kwanza choo kiko wapi. Katika dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 na alama zisizozidi 27, alipata 17, kiwango kinachohesabiwa kuwa sonona ya wastani inayoelekea kuwa kali. Swali la mwisho, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, alilijibu kwa alama 1. Alipoombwa kufafanua, alisema kwa sauti ya chini: “Sitaki kufa, Daktari. Nimechoka tu kuishi na tumbo hili.” Jibu la namna hii halipaswi kupokelewa kama msemo wa mtu aliyechoka. Utafiti uliochapishwa na madaktari wa Manchester mwaka 2004 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya wagonjwa wa utumbo nyeti waliokuwa wakitibiwa katika kliniki ya ubingwa walikuwa wamewahi kufikiria kujiua kwa sababu ya dalili za tumbo lenyewe, na si kwa sababu ya jambo jingine. Mgonjwa wetu aliulizwa wazi kama ana mpango au njia aliyoikusudia. Hakuwa na chochote cha namna hiyo, na kabla hajaondoka iliandikwa karatasi fupi ya nani atampigia na aende wapi mawazo hayo yakizidi.

Zilibaki zile pakiti tatu. Ya kwanza ilikuwa loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, aliyoimeza asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ya pili ilikuwa disaiklomini, dawa ya kutuliza mkazo wa utumbo, ambayo alianzishiwa kwa wiki chache lakini akaendelea kuinunua mwenyewe na kuimeza mara tatu kwa siku kwa zaidi ya mwaka. Ya tatu ilikuwa klofeniramini, dawa ya mzio, aliyoimeza kila usiku kwa sababu aligundua kwamba inamletea usingizi.

Akili ilipopimwa

Kipimo kinachotumika sana cha uchunguzi wa haraka wa akili, MoCA, kina alama 30, na anayepata 26 au zaidi huhesabiwa kuwa wa kawaida. Alipata 27. Hapa ndipo wagonjwa wengi huambiwa kwamba hawana tatizo, wakarudi nyumbani wakiwa na aibu juu ya hofu yao ya awali. Kipimo hicho, kilichochapishwa mwaka 2005, kilibuniwa kutambua udhaifu wa awali wa akili, hasa kwa watu wenye umri mkubwa. Mhasibu wa miaka 34 anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kasi yake ya kawaida na bado akakivuka. Alama ya 27 inatufariji kwamba hana maradhi ya uzee ya kupoteza kumbukumbu, lakini haituambii kwamba akili yake inafanya kazi kama zamani.

Kwa hiyo alipimwa zaidi. Alitakiwa kurudia tarakimu kinyumenyume. Tatu alizirudisha bila shida. Zilipokuwa nne alitaja ya kwanza na ya pili, mkono wake ukashuka na kubonyeza upande wa kushoto wa tumbo, macho yakaelekea mlangoni, kisha akasema, “Samahani, umesema ngapi?” Aliporudiwa kwa seti nyingine ya tarakimu nne, jambo lilelile lilitokea, na mkono ulienda palepale. Katika kazi ya kuunganisha namba na herufi kwa kupokezana alikuwa mwepesi mwanzoni, akapoteza mpangilio katikati, akasahihisha, akamaliza kwa muda mrefu kuliko unaotarajiwa kwa mtu wa umri na elimu yake.

Matokeo ya kumbukumbu ya maneno ndiyo yaliyofungua njia ya uchambuzi. Alisomewa orodha ya maneno, na baada ya dakika ishirini alikumbuka chini ya nusu. Alipopewa dokezo, kwa mfano kwamba neno fulani ni aina ya chombo, mengi yalirudi, na alipoonyeshwa orodha iliyochanganywa na maneno mengine aliyatambua karibu yote. Hii ina maana kwamba maneno yalikuwa yamehifadhiwa. Kilichopungua ni umakini wakati wa kuyaingiza na nguvu ya kuyatafuta wakati wa kuyatoa. Katika maradhi ya uzee ya kupoteza kumbukumbu, hasa ya aina ya Alzheimer, dokezo halisaidii sana, kwa kuwa kilichoharibika ni uhifadhi wenyewe. Niliona ni muhimu mgonjwa aelezwe tofauti hiyo siku ileile, kwa maneno ya kawaida, kwa maana hofu ya kupotewa na akili ilikuwa ikimnyima usingizi kwa kiasi kikubwa.

Tabaka zilizo chini ya kusahau

Tabaka la kwanza ni la tumbo na ubongo wenyewe. Kiini cha utumbo nyeti, kwa ufahamu wa sasa, ni hitilafu katika mawasiliano kati ya utumbo na ubongo, na sehemu moja ya hitilafu hiyo ni wepesi wa kuhisi. Tangu mwaka 1973 ilionyeshwa kwa majaribio ya puto linalojazwa hewa ndani ya utumbo mpana kwamba wagonjwa hawa huumia kwa ujazo ambao watu wengine hawaoni shida nao. Njia kuu inayopeleka habari hizo ni pamoja na neva ya vagasi, ambayo takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hubeba ujumbe kutoka viungoni kwenda juu, wala si kutoka juu kwenda chini. Ubongo wa mtu huyu, kwa hiyo, unapokea taarifa nyingi na zenye uzito kutoka tumboni mchana kutwa, na umakini una kikomo. Anayesikiliza tumbo lake kwa nusu ya akili anafanya hesabu kwa nusu iliyobaki.

Kuna ushahidi wa kimaabara unaounga mkono maelezo hayo. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2012 matokeo ya watu 30 wenye utumbo nyeti na 30 wasio nao waliopewa kazi ya kupanga kadi, ambayo kanuni yake hubadilika bila taarifa na mtu hulazimika kuigundua upya. Wagonjwa walifanya makosa zaidi, na picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu ya mbele inayohusika na kubadili mkakati ilifanya kazi pungufu, wakati insula, eneo linalopokea hisia za ndani ya mwili, ilifanya kazi kupita kiasi. Miaka miwili baadaye kikundi cha Cork, Ayalandi, kilionyesha upungufu mdogo lakini dhahiri wa kumbukumbu ya maumbo na mahali kwa wagonjwa wa utumbo nyeti. Upungufu huo ulibaki hata maradhi ya akili yalipozingatiwa katika hesabu, na ulihusiana na kiwango cha asubuhi cha kotisoli, homoni ya msongo. Watu waliopimwa katika tafiti hizi ni wachache, na nisingejenga juu yake madai makubwa kuhusu mgonjwa mmoja. Hata hivyo zinatosha kuondoa dhana kwamba kila kusahau kwa mgonjwa wa tumbo ni sonona iliyovaa vazi jingine. Kwa mgonjwa wetu, ule mkono ulioshuka tumboni kila tarakimu zilipofika nne ulikuwa ushahidi wa karibu zaidi kuliko picha yoyote.

Tabaka la pili ni sonona, na ipimwe kwa uangalifu kwa sababu dodoso lenyewe linaweza kupotosha. PHQ-9 inauliza kuhusu usingizi, uchovu, hamu ya kula na uwezo wa kukaza fikra, mambo manne ambayo utumbo nyeti unaweza kuyavuruga bila msaada wa sonona. Swali la umakini ndani ya dodoso hilo ni mtego hasa: mtu anayelalamikia kusahau anapandisha alama zake za sonona, kisha alama hizo zinatumika kueleza kwa nini anasahau, na duara linafungwa bila ya jambo lolote kuthibitishwa. Katika alama 17 za mgonjwa huyu, 10 zilitoka kwenye maswali hayo manne. Zilibaki 7, nazo zilikuwa nzito: kutofurahia chochote, huzuni, kujiona hana thamani, na lile wazo la kufa. Alipewa pia dodoso la HADS, lililobuniwa mwaka 1983 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali na ambalo kwa makusudi linaepuka dalili za mwili. Katika sehemu yake ya sonona alipata 11, alama ambayo kuanzia hapo ugonjwa huhesabiwa kuwapo. Sonona ilikuwa ya kweli, ila ukubwa wake ulikuwa umevimbishwa kidogo na tumbo.

Wala hali hiyo si ya nadra. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta dalili za sonona kwa takriban asilimia 29 ya watu wenye utumbo nyeti, na dalili za wasiwasi kwa takriban asilimia 39. Kipi huanza? Utafiti wa Australia uliowafuatilia watu kwa miaka 12 ulionyesha njia mbili: wasiwasi ulitangulia na kutabiri matatizo mapya ya tumbo, na matatizo ya tumbo yalitangulia na kutabiri wasiwasi na sonona kwa watu waliokuwa wazima wa moyo mwanzoni. Uchunguzi wa vinasaba vya zaidi ya watu 53,000 wenye ugonjwa huu, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta sehemu za urithi zinazoshirikiana na zile za wasiwasi na sonona, jambo linaloashiria kwamba kwa baadhi ya watu kuna mzizi mmoja chini ya vyote viwili. Kwa mgonjwa wetu mpangilio wa miaka uko wazi: maambukizi kwanza, tumbo likafuata, moyo ukaja mwisho. Hata hivyo mtu asilisome hilo kama hukumu, kwa sababu inajulikana kutokana na tafiti za Sheffield za miaka ya 1990 kwamba wanaougua kuharisha wakiwa tayari na wasiwasi au misukosuko ya maisha ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki na utumbo nyeti. Alipoulizwa juu ya mwaka ule wa maambukizi, alisema ndio mwaka aliokuwa akimuuguza mama yake.

Kuna maelezo yanayopendwa sana kwamba serotonini nyingi ya mwili hutengenezwa tumboni na kwamba tumbo likiharibika ubongo hukosa serotonini, hivyo huzuni. Sehemu ya kwanza ni kweli. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko utumboni. Sehemu ya pili haisimami, kwa sababu serotonini hiyo haipenyi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na ubongo hujitengenezea ya kwake. Naliweka hili wazi kwa kuwa mgonjwa alikuwa amelisoma, akanunua virutubisho kwa ajili yake, na akajilaumu vilipokosa kumsaidia.

Tabaka la tatu ndilo ninaloliona kuwa limepuuzwa kuliko yote, nalo lilikuwa limelala mezani ndani ya pakiti. Disaiklomini na klofeniramini ni dawa mbili za makundi tofauti zinazoshirikiana katika jambo moja: huzuia kazi ya asetilikolini. Utumboni, kizuizi hicho hutuliza mkazo wa misuli. Ubongoni, asetilikolini ni miongoni mwa kemikali ambazo umakini na uundaji wa kumbukumbu mpya huzitegemea, na dawa hizi zote mbili hupenya hadi huko. Si kila dawa ya mkazo wa utumbo iko hivyo. Hayosini butilibromidi, kwa mfano, ina umbo la kikemikali linaloizuia karibu kabisa kuingia ubongoni. Mgonjwa alikuwa akimeza mzigo wa dawa za kuzuia asetilikolini asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha akishangaa kwa nini akili yake ni nzito, naye hakuna aliyemuuliza. Daktari wa tumbo aliijua moja, ya pili mgonjwa aliinunua mwenyewe, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba zinajumlishwa.

Usingizi nitaupitia kwa ufupi. Ulikuwa mbovu, ukakatizwa mara kwa mara na mawazo, na klofeniramini ilimlaza lakini ikamwachia uzito wa asubuhi. Inafahamika kwamba kwa wagonjwa wa utumbo nyeti usiku mbaya hufuatwa na siku ya maumivu zaidi, na mtu asiyelala hakumbuki vizuri hata kama tumbo lake ni zima.

Uamuzi wa matibabu

Dawa iliyokuwa ikijileta yenyewe ni amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kwa kiwango kidogo. Hupunguza maumivu ya tumbo, hupunguza kasi ya utumbo kwa anayeharisha, na husaidia usingizi. Jaribio la ATLANTIS, lililofanyika katika zahanati za madaktari wa familia nchini Uingereza kwa wagonjwa 463 na kuchapishwa mwaka 2023, lilionyesha kwamba miligramu 10 hadi 30 kila usiku hupunguza dalili za utumbo nyeti kuliko dawa bandia. Kwa mgonjwa mwingine ningeiandika bila kusita. Kwa huyu ilikataliwa, kwa sababu tatu. Kwanza, nayo huzuia asetilikolini, na ingeongeza mzigo uleule tunaotaka kuuondoa. Pili, kiwango hicho kidogo hakitibu sonona, na katika jaribio lenyewe alama za sonona na wasiwasi hazikutofautiana na za dawa bandia. Mgonjwa angeambiwa anatumia dawa ya sonona ilhali sonona yake haijaguswa. Tatu, amitriptilini ni dawa ya hatari ikimezwa kwa wingi, na nyumbani kwa mtu aliyejibu swali la mwisho la PHQ-9 kwa alama 1 haifai kuwekwa akiba ya dawa hiyo.

Klofeniramini ilisimamishwa siku hiyohiyo. Disaiklomini ilipunguzwa kwa siku chache kisha ikaachwa, nafasi yake ikachukuliwa na vidonge vya mafuta ya peremende vinavyoyeyukia utumboni, vya kutumia maumivu yanapokuja. Loperamidi ilibaki, kwa kuwa kwa kiwango cha kawaida haifiki ubongoni kwa kiasi cha kuhesabika, na mgonjwa alionywa kwamba choo kinaweza kulegea zaidi mwanzoni. Kwa ajili ya sonona alianzishiwa esitalopramu, miligramu 5 kwa wiki ya kwanza kisha 10. Dawa za kundi hili zinaweza kuchochea kuharisha katika wiki za mwanzo, na sertralini hujulikana zaidi kwa hilo, ndiyo sababu haikuchaguliwa.

Mtu anayependa ushahidi safi angetaka kwanza zile dawa mbili za kuzuia asetilikolini ziondolewe, mgonjwa asubiri wiki sita, apimwe upya, ndipo sonona itibiwe. Hapo tungejua kila tabaka lilichangia kiasi gani. Sikubaliani na njia hiyo kwa mgonjwa huyu. Sonona yenye mawazo ya kufa haisubiri kwa ajili ya udadisi wetu. Ilitosha kuacha pengo la siku kumi kati ya kuondoa dawa za zamani na kuanza mpya, na hata katika pengo hilo aliwasiliana na kliniki kila baada ya siku mbili.

Sambamba na hayo alianza tiba ya utambuzi na tabia, ambayo ni tiba ya mazungumzo, iliyotengenezwa mahsusi kwa wagonjwa wa utumbo nyeti. Jaribio la ACTIB la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa 558 ambao dalili zao hazikuwa zimetulia kwa matibabu ya kawaida, lilionyesha kwamba tiba hii hata ikitolewa kwa simu au kwa intaneti hupunguza dalili na kuboresha maisha. Kazi yake kwa mgonjwa huyu ilielekezwa kwenye tabia moja iliyoonekana kuchukua sehemu kubwa ya akili yake. Kabla ya kutoka nyumbani alikwenda chooni mara nne au tano “kwa tahadhari tu”, na akiwa kazini alilikagua tumbo kila baada ya muda mfupi, kama mlinzi anayepita na kurunzi kuhakikisha milango imefungwa. Alifundishwa kuupunguza ukaguzi huo kwa hatua: safari mbili badala ya nne, kikao kifupi akiwa amekaa mbali na mlango, kisha kirefu. Alifundishwa pia kwamba anapohisi msokoto katikati ya hesabu, aandike pembeni namba aliyofikia kabla ya kulisikiliza tumbo. Hatua hiyo ndogo haimtibu mtu ugonjwa, lakini ilimrudishia heshima yake mbele ya kazi yake, na ningemshauri nayo kila mgonjwa mwenye lalamiko kama hili.

Kilichofuata

Baada ya wiki tatu alisema asubuhi zake zimekuwa nyepesi, mapema mno kwa dawa ya sonona kudai sifa zote, na ndiyo maana naamini kuondolewa kwa dawa zile mbili kulichangia. Kuharisha kuliongezeka kwa wiki mbili za mwanzo kisha kukapungua. Miezi mitatu baadaye PHQ-9 ilikuwa 8, swali la mwisho likiwa sifuri, na ukali wa dalili za tumbo ulikuwa umeshuka kutoka 320 hadi 235. Upungufu wa alama 50 huhesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa. Miezi sita baadaye PHQ-9 ilikuwa 4 na tumbo 190. Tarakimu za kinyumenyume zilifika tano, na orodha ya maneno, ambayo ilikuwa toleo tofauti ili mazoea yasidanganye, aliikumbuka kwa zaidi ya theluthi mbili bila dokezo.

Mabadiliko manne yaliyofanyika karibu kwa pamoja hayawezi kugawanyiwa sifa kwa usahihi, na kipimo kinachorudiwa hupanda kidogo kwa mazoea hata toleo likibadilishwa. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mpangilio wake unasema kitu. Sonona ilikuwa imetulia, dawa nzito zimeondoka, usingizi umerudi, na bado katika siku ambazo tumbo linachachamaa mgonjwa anaripoti kwamba hesabu zinamponyoka kama zamani, kisha zinarudi tumbo likitulia. Hilo ndilo tabaka la kwanza likiwa limebaki peke yake, na tiba yake ni ya tumbo na ya umakini, wala si kuongeza dawa ya sonona. Mkuu wake wa kazi, kwa ridhaa yake, aliandikiwa barua fupi ya kuomba ukaguzi wa hesabu za mwisho wa mwezi ugawanywe katika siku mbili.

Esitalopramu itaendelea kwa angalau miezi sita baada ya moyo kutulia kabisa, kisha ipunguzwe taratibu akiwa bado anaonana na mtaalamu wake wa mazungumzo. Karatasi ya dawa zake sasa ina safu moja ya zile anazoandikiwa na safu nyingine ya zile anazojinunulia, naye huileta kila anapokuja. Uchunguzi wa utumbo hautarudiwa isipokuwa itokee damu, upungufu wa damu, kupungua uzito au maumivu ya kumwamsha usiku. Kusahau kukibadilika sura, akaanza kupotea katika njia anazozijua au kushindwa kukumbuka hata anapopewa dokezo, atapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya ubongo bila kusubiri tarehe ya kliniki.